Sura ya Tisa: Mshumaa wa Laurean

Daktari Rutayisire alikuwa bahili wa maneno siku zote, na Jumatano hiyo ubahili ulimzidi.

"Hakuna sumu," alisema kwenye simu. "Damu safi, tumbo safi, ini safi. Pombe glasi moja, basi."

"Sasa kilichomuua ni nini?"

"Alikosa pumzi. Hakunyongwa, hakuzibwa mdomo. Afande, kijana huyu amekufa kama mtu aliyelala akasahau kuamka. Andika hivyo kama utaweza."

Inspekta Gahongayire alirudisha simu mfukoni akabaki amesimama kwenye barabara ya mawe inayoteremka nyuma ya uwanja wa Amahoro. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Ukungu ulijaa bondeni, na nyumba za ng'ambo zilionekana mabati tu bila kuta, zimeelea. Milio ya pikipiki ilipanda kutoka kule chini, lakini pikipiki zenyewe hazikuonekana. Kwa siku tatu alikuwa hajalala usingizi wa maana, na mtaa wote wa Remera ulimjia kwa mbali, kama habari anayosimuliwa.

Faili lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka kesho yake saa tatu asubuhi. Likienda lilivyo, mzee Laurean, Mhaya wa Bukoba mwenye miaka sitini na tatu, angeshtakiwa kwa kumuua msaidizi wake kwa sumu. Na sumu yenyewe ndiyo hiyo haikuwepo.

Kwenye kiukuta cha lango la baa iitwayo Igicuma alikaa mwanamke aliyejifunga kitenge cheusi. Huyo alikuwa Febronia, mama wa marehemu. Tangu Jumatatu walipomzika mwanawe alikuja kila alasiri, akakaa pale pale, hali, hanywi.

"Mwaramutse, mama."

"Sasa ni saa tisa, mwanangu. Asubuhi ilishapita." Febronia alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha huko. "Kesho yule Mhaya anakwenda mahakamani?"

"Kesho faili linakwenda."

"Mimi nilikuwepo. Jumamosi jioni, mbele ya watu, alimpa mwanangu Armel glasi bila kuionja. Na Mhaya anajua. Kwao ni vilevile na kwetu."

Gahongayire alilijua neno hilo kwa moyo. Lilikuwa ukurasa wa kwanza wa faili. Katika nchi hii mtu hakupi pombe kabla ya kuipiga funda moja mbele yako. Ndivyo anavyokuonyesha kwamba hana kinyongo nawe. Laurean hakupiga funda. Alipoulizwa sababu mara tatu, alinyamaza mara tatu, na mwendesha mashtaka hahitaji shahidi mzuri kuliko ukimya wa namna hiyo.

"Leo nimemleta aonyeshe eneo," Gahongayire alisema. "Naomba usubiri hapa hapa, mama."

"Nitakwenda wapi mimi?"

Ndani ya Igicuma viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Nyuma ya kioo yalisimama matangi matatu ya chuma yanayong'aa, ambamo Umulisa, mwenye baa, alipikia bia za shayiri kwa ajili ya vijana wa maofisini. Lakini zilizompa jina mjini si bia hizo. Ilikuwa pombe yake ya ndizi na mtama, iliyochachushwa chumba cha chini, ndani ya mtumbwi wa mbao uliochongwa kwa gogo moja kama wa zamani. Watu walitoka hata Kiyovu, mtaa wa matajiri, na magari yao kuja kuinywa.

Umulisa aliwapokea mlangoni, shali imefunika pua.

"Afande, hapa iko vile vile mliacha. Mimi sijagusa kitu. Hata zile makapi za shayiri mlikataa nitupe, sasa ona."

Makapi yalikuwa kwenye magunia manne kando ya kaunta, yamelowa tangu Jumapili, na yalikuwa yameoza. Harufu ilimpanda mtu mpaka machoni. Askari aliyemleta Laurean alimkalisha mzee kwenye kiti cha karibu, akarudi nje haraka kutema mate. Laurean alibaki ameketi, pingu mapajani, gunia moja likimgusa goti. Alikuwa mrefu, mkavu, amenyoa ndevu hata huko mahabusu. Alipumua taratibu, mdomo umefungwa.

Gahongayire alimtazama, kisha akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Umulisa, Jumamosi nani alishuka chini?"

"Armel peke yake. Yeye ndiye anashuka kila siku. Mzee anashuka siku ya kumimina ndizi tu."

"Na ndizi zinatoka wapi?"

"Kwa mama Armel, huko Kicukiro, ana shamba nyuma ya nyumba. Yeye analeta ndizi, analeta na majani ya kufunika mtumbwi, ameshayapitisha kwa moto yakalainika. Jumamosi alileta saa kumi. Ikanyesha ile mvua ya mawe, akakaa mpaka jioni."

"Pombe ilikuwa imefika wapi?"

"Siku ya pili. Ndiyo siku inachemka sana."

"Jumapili asubuhi ukamkuta wewe."

"Saa moja na nusu. Amepiga magoti pale kwa mtumbwi, shavu iko juu ya ubao." Umulisa alishusha sauti. "Nikadhani anasikiliza pombe. Alikuwa na hiyo tabia. Nikaita wale wahudumu wawili, wakamvuta nje. Wote wawili wakatapika. Walisema ni uchungu."

Gahongayire aliandika hilo la kutapika, akalipigia mstari. Kisha akamgeukia Laurean, akauliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Mzee, unasikia harufu gani hapa?"

Laurean aliinua macho. Alimtazama yeye, akamtazama Umulisa, akayatazama matangi. Alikuwa anatafuta jibu kwenye nyuso zao.

"Shayiri," alisema. "Shayiri nzuri."

Umulisa aliishusha shali polepole.

"Huo ni uozo, mzee," Gahongayire alisema. "Askari wangu yuko nje anatema mate. Tangu lini hunusi?"

Nje maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye mabati, moja, moja, na mwanga uliopita kwenye kioo ulikuwa mweupe kama maziwa. Mzee alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya mtu anayevua nguo mbele ya watu.

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Niliugua homa wiki mbili. Nilipopona, chai ilikuwa maji, samaki alikuwa pamba. Ladha haikurudi, harufu haikurudi. Mpishi wa pombe asiyesikia ladha ni nini, afande? Ni mzee wa kufagia. Nina wajukuu watano Bukoba."

"Kwa hiyo hukuonja ile glasi kwa sababu..."

"Kuonja nini? Ningepiga funda, watu wangeniuliza: mzee, safari hii ikoje? Wangeuliza kila siku. Hapa baani nilisema niliacha pombe kwa ajili ya vidonda vya tumbo, lakini polisi mngenipeleka kwa daktari. Armel peke yake ndiye aliyejua. Yeye alikuwa ulimi wangu. Anaonja, ananinong'oneza, mimi natangaza."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua, na hapa kilio kilikuwa kimekaa langoni na kitenge cheusi. Gahongayire alimwonea huruma, na akakasirika naye vilevile. Siku tatu mzee alikuwa tayari kufungwa maisha kuliko kumwambia mwajiri wake kwamba pua yake imekufa.

"Jumapili alfajiri nani alimtuma?"

"Mimi. Nilimpigia simu. Nikamwambia, kaionje kabla sijafika, unieleze ukali wake." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. "Hilo ndilo nililolinyamazia zaidi."

Umulisa aliweka mkono kwenye bega la mzee akauacha pale.

"Kule chini kuna sheria yoyote?" Gahongayire aliuliza. "Kwenye picha zetu kuna mshumaa kwenye ngazi ya mwisho."

"Mshumaa kwanza. Ndiyo sheria. Ukifika ngazi ya mwisho, washa mshumaa, uweke chini sakafuni. Ukiwaka, ingia. Ukizimika, panda juu, uache mlango wazi. Pombe ikichemka inapumua, na pumzi yake ni nzito, haipandi. Inalala chini kama maji."

"Armel ulimweleza hayo ya pumzi?"

Laurean alifikiri. Ilionekana ndiyo mara ya kwanza anajiuliza.

"Mimi niliambiwa na baba, mshumaa kwanza. Nilipouliza sababu nilipata kofi. Armel nilimwambia hivyo hivyo, mshumaa kwanza. Kofi sikumpiga. Lakini hakuuliza. Alidhani ni matambiko ya Kihaya, alikuwa ananitania: mzee, leo mizimu yenu imelala?" Akatikisa kichwa. "Lakini afande, haiwezekani. Chumba kile kina matundu mawili ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu. Nilimsimamia fundi mwenyewe. Pumzi inatoka yenyewe, inateremka mlimani. Ndiyo maana sielewi."

Gahongayire alisimama. Alikata utepe wa polisi kwenye mlango wa nyuma, akafungua kufuli alilolifunga mwenyewe Jumapili, akaanza kushuka. Ngazi zilikuwa sita. Joto lilimpokea ngazi ya tatu, joto jema lenye harufu tamu ya ndizi mbivu. Karibu na dari vijinzi vya ndizi vilizunguka kwa mamia katika ule mwanga hafifu wa mlangoni, taratibu, bila haraka ya maisha.

Kwenye ngazi ya mwisho ulikuwepo ule mshumaa, mrefu, haujapungua. Kando yake njiti tatu za kiberiti. Aliinama kuziangalia. Zote tatu zilikuwa zimeungua kichwa tu. Vijiti vyenyewe vilikuwa vyeupe mpaka juu. Mtu alikuwa amewasha mara tatu, na mara tatu moto ulikuwa umekataa. Sio mtu wa dharau huyo, alifikiri. Huyu alijaribu kutii, ila hakuna aliyemwambia moto ukikataa maana yake nini.

Alitaka kuona sakafu chini ya mtumbwi. Akapiga hatua, akachuchumaa. Vijinzi vilikuwa vimetandazwa pale kama mtama uliomwagika, vyote vimekufa, wakati wenzao wanacheza darini. Kitu kilimchoma puani, kama soda inapopanda vibaya. Moyo ulianza kwenda mbio. Alitaka kuliwaza jambo hilo la vijinzi mpaka mwisho, lakini wazo lilikuwa refu na magoti yalikuwa laini. Pombe ndani ya mtumbwi ilinong'ona chini ya majani, vipovu vidogo vidogo, kama watu wanaoongea chumba cha pili mtoto akiwa kitandani. Alimkumbuka mama yake Mwanza akichambua mchele. Ubao wa mtumbwi ulikuwa karibu na ulikuwa na joto, na lilionekana jambo la busara kuegemeza shavu hapo kidogo.

"Simama, afande!" Laurean alikuwa juu ya ngazi. "Simama, usipumue!"

Alisikia, lakini kama jina la mtu mwingine. Kisha mikono miwili yenye pingu ilimshika ukosi wa koti, ikamwinua, ikamburuta ngazi moja baada ya nyingine hadi kwenye hewa ya baridi. Alilala kwenye saruji yenye maji akakohoa. Kichwa kilimpiga nyundo. Umulisa alikuwa ameshika mlango.

Alipoweza kukaa, aliomba kamba na mshumaa mpya. Kazi ni kazi. Alilosikia mwilini mwake mahakama haiwezi kulisoma. Waliufunga mshumaa kwenye kopo, wakauwasha, wakauteremsha taratibu kutoka mlangoni huku Umulisa akipiga picha za video. Uliwaka ngazi ya tatu. Uliwaka ya nne. Ulipopita ya tano mwali ulijivuta, ukawa mdogo, ukakatika bila moshi kupanda. Waliurudia mara tatu, na mara zote ulizimika mahali pale pale, usawa wa goti.

"Uliniambia pumzi inatoka yenyewe," Gahongayire alimwambia Laurean.

"Inatoka. Matundu yako upande wa mteremko."

"Twende tukayaone."

Askari alibaki kulinda mlango, nao wakazunguka nyumba kwa nje, wakishika ukuta kwa sababu nyasi ziliteleza. Ukungu ulikuwa umepanda hadi pale, na walitembea ndani yake wote watatu kama wanaotafuta kitu katika ndoto ya mtu mwingine. Matundu yalikuwa chini ya msingi, mapana kama sahani. Yote mawili yalikuwa yamezibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema, na huyu aliyeziba alikuwa ameziba kwa ustadi. Gahongayire alipiga picha, akavaa glavu, akavuta kizibo cha kwanza. Lilikuwa furushi la majani ya mgomba yaliyopitishwa kwenye moto, yamekunjwa mara tatu, yakafungwa kwa ukamba mkavu wa mgomba na fundo dogo la pembeni. Lilipotoka, hewa yenye joto ilimpita miguuni ikateremka kuelekea bondeni.

Alilishika lile furushi akakumbuka maneno ya Umulisa: majani yaliyolainishwa kwa moto, mvua ya mawe, akakaa mpaka jioni. Alijua. Alipomtazama Laurean aliona kwamba mzee naye anajua, na kwamba amejua sekunde chache kabla yake.

"Mmepata nini?"

Febronia alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Kusubiri kulikuwa kumemshinda.

Kuna maofisa ambao wangemwambia arudi langoni. Gahongayire hakuweza. Alimweleza kila kitu kwa maneno mafupi: kwamba hapakuwa na sumu, kwamba Laurean hakuonja kwa sababu ladha imempotea, kwamba pombe inayochemka hutoa hewa nzito, na hewa hiyo ilipokosa njia ilijaa chumbani mpaka usawa wa goti. Armel alipopiga magoti ili aisikilize pombe, aliinama ndani ya hewa hiyo.

"Ilikosa njia," Febronia alirudia. "Kwa nini?"

"Matundu yalizibwa."

"Na nani?"

Gahongayire alivuta pumzi. Kabla hajaitoa, Laurean alisema:

"Mimi."

Umulisa aligeuka kumtazama. Mzee alikuwa amenyooka, mikono yenye pingu mbele yake.

"Jumamosi jioni. Niliogopa baridi. Andika, afande. Ni mimi niliyeziba."

Uongo wake ulikuwa mbovu kabisa. Huyu ndiye aliyeagiza matundu yatobolewe. Lakini alikuwa amekiri mbele ya ofisa na mashahidi wawili, na kesho saa tatu faili lingekuwa limekamilika bila shida ya mtu yeyote. Mama angebaki na adui wake wa kumchukia, na chuki ingemshika mkono miaka yote iliyobaki. Mzee alikuwa anampa zawadi hiyo kwa gharama ya uhai wake wote. Gahongayire alikiona kishawishi hicho, na kwa muda alikitamani.

"Mzee Laurean," Febronia alisema. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumtaja kwa jina. Alilichukua furushi mikononi mwa Gahongayire, akalivuta fundo, majani yakafunguka. Akamnyooshea. "Lifunge tena nione."

"Mama, nina pingu."

"Afande, mfungue."

Gahongayire alitoa ufunguo akamfungua. Laurean alikunja majani mara mbili, akasita, akazungusha ukamba, akaukaza kwa fundo la katikati, fundo la magunia. Furushi lilichanua likamwangukia miguuni.

Febronia aliliokota. Vidole vyake vilikunja mara tatu, vikazungusha, vikafunga fundo dogo la pembeni, na macho yake wakati wote yalikuwa bondeni. Hayakuhitajika.

"Hili ni fundo la mama yangu," alisema. "Karagwe kulikuwa na baridi. Pombe ikichachuka tulikuwa tunaziba nyumba nzima, hata chini ya mlango. Mama alikuwa anasema pombe ni mtoto mchanga. Jumamosi mvua ya mawe ilipopiga, nikasema pombe ya Armel itaharibika, na ndiyo kazi yake, ndiyo sifa yake. Nikashuka huku nikaziba. Sikumwambia. Nilitaka aikute nzuri."

Hakulia. Umulisa ndiye aliyelia, amejifunika shali uso mzima. Laurean alisogea akasimama kando ya Febronia, karibu lakini hakumgusa.

"Andika hivyo," Febronia alisema. "Andika na jina langu. Huyu mzee aende nyumbani."

"Nitaandika ni ajali, mama."

"Andika unavyoandika." Alilibana furushi kifuani. "Wewe umeingia mle. Nimesikia wakikuita."

"Nimeingia."

"Basi niambie kitu kimoja, usinifiche. Mwanangu pale chini alisikia baridi?"

Gahongayire alitaka kusema lingine, na lingine halikuwepo.

"Hapana, mama. Kulikuwa na joto."